Jaketi jipya la pikipiki limekauka kama ubao: nililainishe vipi?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni bwana shamba, kituo changu kipo Mafinga, na karibu kila wiki napanda pikipiki kwenda Iringa mjini na kurudi. Dada yangu aliyeko Ujerumani amenitumia jaketi jipya la ngozi ya ng'ombe lenye pedi mabegani, viwikoni na mgongoni. Karatasi iliyokuja nalo inasema unene wa ngozi ni milimita 1.3, na kwenye lebo ya ndani kuna herufi AA. Zawadi nimeipenda, ila jaketi ni gumu mno. Viwiko havikunjiki, ukosi unanikata shingo, mabega yananivuta mbele, na nikiendesha nusu saa vidole vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi. Kijiweni wananishauri nililoweke usiku kucha kisha nilianike juani, au nilipake mafuta ya alizeti. Mmoja anasema nililaze chini nilikanyage na gari. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usifuate hata moja. Na leo jioni, kabla hujalipaka chochote, kabla hujalilowesha hata tone, fanya kitu kimoja: nenda ukakae juu ya pikipiki yako ukiwa umelivaa.

Nina sababu ya kuanzia hapo. Katika barua yako kuna malalamiko manne, na umeyafunga yote katika neno moja, "gumu". Ugumu wa ngozi unaisha kwa kuvaliwa. Jaketi lisilo saizi yako haliishi hivyo, hata ulivae miaka kumi. Nimepokea kwenye meza yangu majaketi mengi ambayo wenyewe waliyasugua, wakayapaka, wakayaloweka miezi kadhaa, na shida ilikuwa kwamba mkono ni mfupi tangu siku ya kwanza. Tena jaketi likishapakwa mafuta, duka halilipokei tena, na dada yako atakosa la kuwaambia.

Basi simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, imezimwa. Vaa shati jepesi, juu yake jaketi, funga zipu mpaka juu. Shika usukani kama uko njiani. Kwanza angalia mwisho wa mkono: unatakiwa ufike kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, na usipungue hapo ukinyoosha. Hili ni la muhimu, kwa sababu mikono ya jaketi la ngozi hairefuki ikilainika. Inafupika. Ngozi ikishajikunja pale kwenye kiwiko na kuweka mistari yake, inaupandisha mkono mzima juu kidogo. Halafu shika pedi ya kiwiko kwa mkono wa pili ujaribu kuizungusha. Ikikaa palepale juu ya mfupa, vizuri. Ikizunguka ikaja upande wa ndani, jaketi ni pana, na siku ukianguka pedi itakuwa mahali pengine na kiwiko mahali pengine. Vuta pumzi mpaka mwisho. Kifua kibane lakini kisikuzuie. Geuza shingo kulia na kushoto kama unayeangalia gari nyuma. Pitisha vidole viwili kati ya ukosi na koo.

Ukiwa umekaa hivyo, sikiliza mabega. Naamini utagundua kwamba lile la "kunivuta mbele" limekwisha au limepungua sana. Majaketi ya pikipiki hukatwa kwa mtu aliyekaa, mikono ikiwa mbele. Mikono yake imeshonwa ikiwa imepinda tayari, na mgongo ni mrefu kuliko mbele. Ukisimama wima dukani au mbele ya kioo, linakuvuta na unaonekana umeinama. Limeshonwa hivyo makusudi, na hakuna mafuta yatakayolibadilisha umbo, wala usitake libadilike.

Sasa ganzi ya vidole, maana hiyo ndiyo iliyonishtua. Mkono wa kushoto ndio wa klachi. Mkono usiohisi klachi kwenye miteremko na makona, huku malori yanakuja mbele yako, ni hatari kuliko kutokuwa na jaketi zuri. Kwa hiyo mpaka tujue chanzo, usilivae kwa safari ya barabarani. Na chanzo ninakihisi. Mafinga ni baridi, hasa miezi ya Juni na Julai, na bila shaka unavaa sweta ndani. Jaketi la aina hii limekatwa likae karibu na mwili juu ya fulana au shati. Sweta zito likiingia linajaa kwapani na kubana mishipa inayoshuka mkononi. Jambo la pili, je, unavaa saa mkono wa kushoto? Saa chini ya zipu ya mkono, juu yake glovu, hapo ganzi ni lazima. Vua sweta, vua saa, kaa kwenye pikipiki nusu saa nzima nyumbani huku unabana na kuachia klachi. Ganzi ikirudi bila sweta na bila saa, vua jaketi uangalie mstari mwekundu wa kubanwa uko wapi kwenye mkono wako. Ukiwa kwenye kifundo cha mkono, fundi mzuri anaweza kuongeza kipande cha ngozi kwenye zipu ya mkono na kazi ikaisha. Ukiwa kwapani, hiyo ni saizi. Mwambie dada aulize kama wanabadilisha, na usione haya, kwa sababu duka hukubali kirahisi kitu ambacho bado ni kipya.

Kwa baridi, badala ya sweta ndani, tafuta koti jepesi la kuvaa juu ya jaketi. Ngozi huzuia upepo vizuri sana, lakini haishiki joto kama sufi.

Tuchukulie kwamba saizi ni yako. Yamebaki mawili, viwiko na ukosi, na haya ni ugumu wa kweli.

Ngozi imefumwa na nyuzi ndogo sana za kolajeni zilizopishana kila upande. Ng'ombe akiwa hai, nyuzi hizo zinateleza kwa sababu kuna maji na mafuta kati yake. Kiwandani maji yanatolewa, ngozi inachakatwa isioze, halafu inarudishiwa mafuta maalumu ndani kabisa ili nyuzi zisigandane. Hayo mafuta tayari yamo katika jaketi lako. Juu yake wameweka rangi na utando mwembamba unaozuia maji na michubuko. Kinacholifanya liwe gumu sasa ni kwamba nyuzi zile hazijawahi kukunjwa katika pembe ya kiwiko chako. Zimelala bapa tangu ngozi ilipotandazwa kiwandani. Kila unapokunja mkono unazifundisha mkunjo mmoja, na zikishajifunza hazisahau.

Kisha kuna unene. Milimita 1.3 ni unene hasa wa ngozi ya kuendeshea. Majaketi ya mitindo, yale laini kama kitambaa yanayouzwa mjini, mengi hayafiki milimita moja. Tena fundi mwenye kujali hachukui ngozi popote tu. Upande wa mgongo wa ng'ombe una nyuzi nzito zilizobanana, na tumboni zimelegea na kuvutika. Mabegani na viwikoni, pale mwili unapogusa lami kwanza, panawekwa ngozi ya mgongo. Kwa hiyo sehemu unazozilalamikia zaidi ndizo walizozichagulia ngozi bora. Hiyo AA kwenye lebo inatokana na kipimo cha Ulaya cha mwaka 2020 kinachoitwa EN 17092, na mavazi kamili ya kujikinga yanapangwa humo kwa AAA, AA na A. Lako lipo katikati. Kwa bwana shamba anayepita barabara kuu ya kwenda Zambia, dada amechagua vizuri.

Nieleze pia habari ya uchakataji, kwa sababu wewe unaishi jirani na miwati. Magome ya ile miti ya Njombe yanatoa tanini, na ngozi inayochakatwa kwa tanini ya magome inakuwa nene, ngumu, inayoshika umbo: soli za viatu, mikanda, matandiko ya farasi. Majaketi karibu yote ya leo yanachakatwa kwa chumvi za kromiamu, njia ambayo Augustus Schultz aliipatia hataza Marekani mwaka 1884, na ngozi yake ni laini zaidi na inavumilia maji na joto zaidi. Wazee wengi wanaotoa ushauri wa kuloweka waliupata kwa watu wa viatu na matandiko. Kwa ngozi ile una maana yake. Kwa jaketi lako hauna.

Na hapa niseme lililonipata. Nikiwa kijana nililoweka jaketi langu la kwanza kwenye beseni, nikalitundika juani mchana mzima kwa sababu nilitaka kulivaa Jumapili. Lilipokauka lilisimama lenyewe. Maji yalikuwa yameyasogeza mafuta kutoka ndani, yakayapeleka juu pamoja na mvuke, na nyuzi zikabaki kavu na kugandana. Wiki ile ile utando wa juu ulipasuka viwikoni. Ngozi iliyolowa inaogopa joto: ile ya magome, ikiwa imelowa, huanza kujikunja na kusinyaa katika nyuzi joto 70 na kitu tu. Ya kromiamu inavumilia zaidi ya hapo, lakini uzi, gundi na bitana haviko salama. Kwa hiyo jua kali, pasi, draya ya nywele, jiko la mkaa, kuliweka jirani na injini ya moto, vyote hivyo viwe mbali.

Mafuta ya alizeti nayo yanakauka. Ndiyo, yanakauka. Ni mafuta yanayoshika hewa na kuganda taratibu yakawa ya kunata, kisha yanachacha. Nililetewa jaketi la hivyo, limeshika vumbi lote la barabara kwenye mishono na harufu yake haikutoka tena. Mafuta ya nazi yana shida nyingine: chini ya nyuzi joto 24 hivi yanaganda, na kwenu Mafinga ni asubuhi ngapi zinazozidi hapo? Dawa ya viatu isahau, itakuachia weusi kwenye kola ya shati. Petroli na mafuta ya taa yanayeyusha utando na kunyonya mafuta ya ndani.

La gari, mwanangu, sina maneno mengi. Tairi linaponda pedi, linakunja meno ya zipu, linasukuma kokoto ndogo ndani ya ngozi. Mishono iliyojeruhiwa huioni kwa macho. Utakuja kuiona siku ya kuteleza.

Haya, sasa kazi yenyewe. Kazi kubwa itafanywa na mwili wako, kwa joto lake na mienendo yake. Livae nyumbani kila jioni, zipu imefungwa, kwa muda wa saa moja hivi. Usikae tu. Fagia, pika, chota maji, funga kamba za viatu, beba mtoto kama yupo. Kila dakika chache kunja viwiko mpaka mikono iguse mabega, kisha nyoosha. Jikumbatie, kila mkono ushike bega la upande wa pili, uvute polepole; hapo mgongo na mabega vinafunguka kuliko zoezi lolote. Jaketi likishapata joto lako ndipo ngozi inapotii, kwa hiyo dakika 20 za kwanza usitegemee kitu. Ukilivua, kabla halijapoa, shika mkono mmoja wa jaketi kwa mikono yako miwili, toa pedi, uukunje pale kwenye kiwiko, mbele na nyuma, mara 30 au 40. Viringisha kwa upole kama unavyoviringisha taulo, bila kulisokota kama unayekamua nguo. Usilazimishe mkunjo mahali ambapo mwili wako haukunji.

Jaketi likiwa kaidi sana kwenye kiwiko, kuna matumizi halali ya maji. Chukua kitambaa safi, kiloweshe maji ya kawaida, ukikamue mpaka kisidondoke, ukipitishe kwenye ngozi upande wa ndani wa mkunjo wa kiwiko tu. Unyevunyevu, basi. Vaa hapohapo, endelea na shughuli mpaka ikauke mwilini mwako. Haya nayafanya mara mbili au tatu katika maisha ya jaketi, si kila wiki. Pedi lazima uzitoe kwanza, na hakikisha unyevu haukufika kwenye bitana.

Pedi nazo zina lawama yake. Nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa malighafi inayokuwa ngumu kwenye baridi na kulegea ikipata joto. Jaketi lililolala usiku kwenye chumba cha Mafinga, asubuhi pedi zake zimekakamaa, na wewe unadhani ni ngozi. Zitoe usiku uziweke ndani ya blanketi karibu nawe, au vaa jaketi wakati unakunywa chai kabla ya kuondoka. Utashangaa. Ukizizoea bado zikakusumbua, unaweza kununua nyembamba zaidi, lakini soma kilichoandikwa juu yake: EN 1621-1 ndiyo ya viwiko na mabega, EN 1621-2 ndiyo ya mgongo, na kiwango cha 2 kinapunguza kishindo zaidi ya kiwango cha 1. Nakusihi usizitoe ukasafiri bila pedi kwa kuwa tu jaketi limekuwa raha zaidi. Najua vijana wengi wanafanya hivyo, na nimewahi kumtembelea mmoja hospitali kiwiko kikiwa kimefungwa vyuma.

Krimu ya ngozi ipo mahali pake, lakini ni kidogo na ni baadaye. Jaketi jipya halihitaji siku ya kwanza. Baada ya wiki tatu au nne za kulivaa, mistari ya kiwiko ikishajitokeza, nunua krimu ya kulainishia ngozi isiyo na rangi, ya wazi kwamba ni ya jaketi au viti vya gari vya ngozi. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, labda chini ya ukosi, uache mpaka kesho uone kama rangi imebadilika. Ukiridhika, paka kwa kitambaa laini, safu nyembamba, ukikazia kwenye mikunjo na kwenye mishono. Baada ya nusu saa futa iliyobaki. Mtu akikupa mafuta ya kwato za ng'ombe, yale ya watu wa matandiko, yanalainisha kweli, lakini ni rahisi kuyazidisha: ngozi inalegea, pedi inaanza kuhama, na jaketi lililokuwa limekushika linakuning'inia. Ngozi ya kujikinga inatakiwa ilainike kwenye mikunjo tu. Kwingine kote ibaki na uzito wake.

Ukosi ni jambo la ukingo. Pale pana ngozi mbili, bitana na mishono vikiwa vimekutana, kwa hiyo ndipo panapochelewa kuliko pote. Usiukate wala usiusugue kwa msasa. Ukunje kwa vidole kutoka ncha hadi ncha kila jioni, ukiusugua nyuma na mbele kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na njiani funga skafu nyembamba ya pamba shingoni. Skafu hiyo itakusaidia pia kuzuia jasho, maana jasho na chumvi yake ndivyo vinavyoua ukosi wa ngozi kabla ya sehemu nyingine. Zipu ikigoma, paka mshumaa kwenye meno yake.

Jaketi lisipovaliwa, litundike kwenye henga pana yenye mabega manene. Waya na msumari vinaharibu umbo la bega ulilolifanyia kazi wiki nzima. Liache lipate hewa, usilifungie kwenye mfuko wa nailoni, litaota ukungu masika yakifika. Mvua ikikukuta njiani, futa maji kwa taulo, toa pedi, fungua zipu zote, tundika kivulini ndani ya nyumba hata siku mbili, na likikaribia kukauka livae nusu saa ili likauke katika umbo lako.

Safari ya kwanza baada ya haya iwe fupi, ya kuzunguka vijiji vyako, ukiwa na nafasi ya kusimama. Nenda nalo dakika 20, simama, kunja mikono, endelea. Kilomita 80 hivi za mpaka Iringa zingoje. Kwa jaketi la unene huo, likivaliwa kila siku, mimi huona linaanza kutii kati ya wiki ya pili na ya tatu, na viwiko hutangulia. Utaona mistari miwili mitatu imejikata upande wa ndani wa mkono, wa kushoto tofauti kidogo na wa kulia kwa sababu mkono mmoja unabana klachi na mwingine unavuta mafuta. Hiyo mistari usijaribu kuinyoosha.